Kisa cha Vivian Maier: ukinunua boksi la negativu umenunua nini hasa?

Mwaka 2007 pale Chicago kuna stoo za kukodi zilifunguliwa na vilivyomo vikapigwa mnada kwa sababu mpangaji alikuwa na deni la kodi. Ni jambo la kawaida Marekani, sheria inamruhusu mwenye stoo akishatoa notisi na muda ukapita auze vilivyomo afidie hela yake, na kuna watu kazi yao ndo hiyo, kununua mizigo ya stoo na kuiuza tena. Humo ndani safari hii kulikuwa na maboksi juu ya maboksi, negativu (yaani mkanda wa kamera ulioshasafishwa kwa dawa, ambao picha za karatasi hutolewa humo), picha zilizosafishwa, mikanda ambayo haijawahi kuguswa na dawa, magazeti ya zamani, barua, risiti, nguo, yaani maisha mazima ya mtu mmoja. Mwenyewe alikuwa bibi wa miaka 81 anaitwa Vivian Maier, kafanya kazi ya uyaya kama miaka 40, hana mume, hana mtoto, na kwenye dunia ya upigaji picha hakuna aliyekuwa anamjua.

Na alikuwa hai. Naomba hilo lishikwe kuanzia hapa, maana wengi wakisimulia hiki kisa wanaliruka, wanaongea kana kwamba ni hazina iliyookotwa baada ya mtu kufa. Hapana. Siku vitu vyake vinapigwa mnada, na mwaka mzima uliofuata wakati negativu zake zinapita mikono hii na ile, yeye alikuwa hapohapo Chicago, mtaa wa Rogers Park kando ya Ziwa Michigan, anaishi kwenye nyumba aliyopangishiwa na watoto aliowahi kuwalea ambao sasa ni watu wazima. Hao vijana nao hawakuwa na habari kwamba kuna stoo yake imeuzwa.

Leo anatajwa kati ya wapiga picha wakubwa wa mtaani Marekani ya karne ya 20. Picha zenyewe nitazigusa kwasababu bila kuzielewa huwezi kuelewa kwanini watu walifika mahakamani, ila kiini cha uchambuzi huu ni swali lililowapeleka mahakamani: negativu umenunua kihalali, hela umetoa, risiti unayo, sasa picha ni za nani?

Maier alizaliwa New York tarehe 1 Februari 1926. Mama alikuwa Mfaransa wa bonde la Champsaur kule milima ya Alps, baba asili yake Austria. Ndoa ilivunjika mapema, kaka yake mkubwa akalelewa upande wa baba, Vivian akabaki na mama, na sensa ya 1930 inawaonyesha wanaishi Bronx nyumba moja na mwanamke wa Kifaransa anaitwa Jeanne Bertrand ambaye alikuwa mpiga picha wa studio. Kama mtoto wa miaka minne alijifunza chochote pale hakuna wa kuthibitisha, lakini kamera hakuianza kuiona ukubwani. Miaka ya 30 mama akampeleka Champsaur, 1938 wakarudi New York, 1950 akaenda tena Ufaransa kushughulikia shamba la urithi ambalo liliuzwa, na huko ndiko zinakoanzia picha zake tulizonazo, zimepigwa na kamera rahisi ya boksi isiyo na cha kurekebisha. 1951 New York tena. 1952 akanunua Rolleiflex.

Hapa naomba nikae kidogo, maana hii mashine ndiyo nusu ya staili yake. Rolleiflex ina lenzi mbili, ya juu ya kuonea na ya chini ya kupigia. Huiweki jichoni, unaishika kifuani au tumboni, unainamisha kichwa na kuangalia kioo kilicho juu yake, na kwenye hicho kioo kushoto na kulia vimegeuzwa, kwahiyo mtu akitembea kwenda kulia wewe unamuona anaenda kushoto na inabidi mikono yako iwe imeshazoea. Mkanda mmoja unatoa picha 12 za mraba, zikiisha unasimama unabadilisha. Sauti yake ni ndogo mno. Sasa fikiria mwanamke mrefu, kavaa koti kubwa na kofia, anatembea State Street au soko la Maxwell Street kule Chicago, kainama kidogo kama anatafuta kitu kwenye pochi, unayepigwa hujui kama umepigwa. Na kwasababu kamera iko chini, usawa wa kifua, watu kwenye picha zake wanatokea wamesimama juu, wana uzito, hata mlevi aliyekaa kwenye ngazi haonekani ametazamwa kwa kudharauliwa. Mimi hilo huwa linanigusa kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi yake, alipiga sana maskini, wazee na watoto wenye makamasi, na sijaona picha yake inayomdhalilisha mtu.

Halafu alijipiga mwenyewe bila kuchoka. Kwenye vioo vya maduka, kwenye vioo vya bafuni, kivuli chake kwenye majani. Kuna moja ya 1955, jamaa ananyanyua kioo kikubwa cha mraba, kazi ya kawaida ya kuhamisha vitu, na ndani ya kile kioo yumo Vivian na kamera kifuani anaangalia moja kwa moja. Mtu anapobeba kioo, kioo kinazunguka, sura yako inapita humo mara moja tu inapotea, na yeye kaiwahi kwa kamera ya kuinamia yenye picha 12. Anayepiga picha za mtaani akiiangalia hiyo anajua kuwa huyu mtu hakubahatisha.

1956 alihamia Chicago, akaajiriwa na familia moja ya Highland Park, kitongoji cha watu wenye uwezo kaskazini mwa jiji, akalea watoto watatu wa kiume zaidi ya miaka 10. Pale alikuwa na bafu lake mwenyewe na aliligeuza chumba cha giza cha kusafishia picha, akawa anasafisha mikanda yake hapohapo. Watoto aliwachukua kwenye matembezi yake, aliwapeleka mpaka machinjioni, maana matembezi ya yaya na matembezi ya mpiga picha kwake yalikuwa kitu kimoja. 1959 hadi 1960 akaomba likizo ndefu akazunguka dunia peke yake, Manila, Bangkok, India, Misri, Italia, akamalizia kijijini kwa mama yake Ufaransa. Kwa mshahara wa yaya. Mwaka ule, mwanamke peke yake.

Watoto wa Highland Park walipokua ajira ikaisha na hapo ndo mambo yanaanza kuwa magumu. Akawa anahama familia hadi familia, kuna kipindi kifupi miaka ya 70 alifanya kazi kwa Phil Donahue yule mtangazaji maarufu wa televisheni. Chumba cha giza hakuna tena, kwahiyo mikanda ikaanza kurundikana bila kusafishwa. Akahamia kwenye rangi na kamera ndogo za milimita 35. Aliowafanyia kazi wanasimulia kwamba kila alikohamia alifika na maboksi yake, alitaka mlango wake uwe na kufuli, na jina lake kamili alikuwa halitoi kirahisi, mara aliandikisha tahajia tofauti dukani au kwenye studio. Na tusimpake rangi nzuri tu, wapo aliowalea wakiwa wadogo waliosema ukubwani kwamba alikuwa mkali, wengine wakasema alivuka mipaka. Wengine walimpenda mpaka wakamtunza uzeeni. Yote mawili ni ushahidi na yote mawili yabaki kwenye faili.

Sasa turudi mnadani. Wanunuzi wakuu walikuwa watatu, John Maloof, Ron Slattery na Randy Prow. Maloof alikuwa kijana wa miaka 26 hivi, aliwahi kufanya kazi ya udalali wa nyumba, na alikuwa anatafuta picha za zamani za mtaa wa Portage Park kwa ajili ya kitabu cha historia ya mtaa wao. Akanunua boksi moja kubwa kwa kama dola 400. Picha za Portage Park hazikuwemo. Akaliweka pembeni, baadaye akaanza kuskani, taratibu akagundua alichonacho sio mzigo wa kawaida, akaanza kuwafuata wanunuzi wengine na kununua walichokuwa nacho. Slattery ndiye aliyetangulia kuziweka baadhi mtandaoni, Julai 2008, hakuna aliyeshtuka.

Mwishoni mwa 2008 Maier aliteleza kwenye barafu akapiga kichwa. Hakupona vizuri, akapelekwa nyumba ya kutunzia wazee, akafariki tarehe 21 Aprili 2009. Wale vijana aliowalea ndio waliotoa tangazo la kifo kwenye Chicago Tribune. Maloof alikuwa ameshalipata jina lake kwenye bahasha ya studio iliyokuwa ndani ya maboksi, akalitafuta kwenye Google na kilichomtokea ni lile tangazo, la siku chache tu nyuma. Oktoba 2009 akaweka picha Flickr, mtandao wa kuwekea picha, akiuliza watu afanye nini na huu mzigo, na safari hii dunia ikashtuka. Januari 2011 maonyesho ya kwanza makubwa ya Chicago kwenye Chicago Cultural Center, kisha vitabu, majumba ya sanaa Ulaya na Marekani, filamu ya makala ambayo Maloof aliitengeneza na Charlie Siskel ikafika mpaka kuteuliwa kugombea Oscar 2015. Katikati hapo, 2010, mkusanyaji wa sanaa Jeffrey Goldstein alinunua sehemu ya mzigo wa Prow, kwahiyo soko likawa na kambi mbili, Maloof na sehemu kubwa sana, zaidi ya negativu 100,000, na Goldstein na negativu kama 17,500. Wote wawili wakawa wanasafisha picha mpya kutoka kwenye zile negativu na kuziuza kwa idadi maalum, moja kwa maelfu ya dola.

Na hapo kwenye kusafisha picha mpya ndipo kesi ilipolala.

Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1976, kifungu cha 202, inasema wazi kwamba kumiliki kitu chenyewe na kumiliki haki ya kazi iliyomo ni mambo mawili tofauti, na kumkabidhi mtu kile kitu, hata kama ni nakala ya kwanza kabisa, peke yake hakumhamishii haki. Ukinunua kitabu pale kwa muuza vitabu wa barabarani kitabu ni chako, kisome, kiuze, kigawe, ila huwezi kwenda kiwandani kuchapa nakala elfu moja. Negativu ni vilevile, tofauti yake ni kwamba ipo moja tu duniani na ndo maana watu wanachanganyikiwa, wanadhani aliyeshika pekee yake basi ndo mwenye kila kitu.

Kwahiyo tuyafungue yale maboksi kisheria. Picha ambazo Maier mwenyewe alisafisha au kusafishiwa enzi za uhai wake, aliyezinunua mnadani anaweza kuzitundika ukutani na kuziuza bila kumuomba mtu ruhusa, ni vitu vyake. Negativu nazo ni mali yake kama vitu, anaweza kuziuza. Ila kutoa picha mpya kutoka humo, kuzichapa kitabuni, kuziweka kwenye filamu, kuuza haki za matumizi, hiyo yote ni haki ya mwenye hakimiliki, na hakimiliki haikuwa imewekwa kwenye mnada wowote. Yenyewe ilibaki kwa Vivian Maier mpaka anakufa, halafu ikaenda kwa warithi wake, na itadumu miaka 70 baada ya kifo, yaani mpaka mwisho wa 2079. Hakusajili popote? Haijalishi. Chini ya sheria ile kazi ikishawekwa kwenye mkanda tu haki inakuwepo.

Warithi ni akina nani basi? Wosia hakuna. Mume na mtoto hakuna. Mama alifariki 1975, kaka 1977, na kaka naye hakujulikana kuwa na mke wala mtoto. Ikabidi watu warudi juu kwenye ukoo washuke tena. Na ukoo wenyewe ulikuwa na fundo: mama yake Vivian alizaliwa nje ya ndoa, baba mzazi akaja kumtambua kisheria miaka mingi baadaye, kwahiyo kule Champsaur kulikuwa na koo mbili zinazoweza kudai, wa upande wa bibi na wa upande wa babu. Maloof, na hapa tumpe haki yake, hakulipuuza hili swali, alimtafuta ndugu wa mbali wa upande wa bibi akamlipa ili kununua haki za picha, na kwa imani hiyo akaendelea na biashara. Lakini 2014 wakili mmoja wa Virginia, David Deal, ambaye kabla ya uwakili alikuwa mpiga picha, alipeleka ombi mahakamani Chicago akisema mrithi wa karibu zaidi ni mtu mwingine, mtumishi wa serikali mstaafu wa mji wa Gap kule Ufaransa, wa upande wa babu. Huyo mzee kabla ya hapo hakuwa na habari kwamba ana ndugu maarufu.

Ombi hilo likaamsha Kaunti ya Cook, ndiyo kaunti ya jiji la Chicago. Kule wana afisa wa umma anayesimamia mirathi ya waliokufa bila wosia na bila ndugu wa kujitokeza, kazi yake inafanana na ya Kabidhi Wasii kwetu, na ofisi yake ikafungua rasmi mirathi ya Vivian Maier, miaka mitano baada ya kifo. Majumba ya sanaa yaliyokuwa yanauza picha zake yakaanza kupokea barua za kuonywa kwamba kuna uwezekano wa kesi, tunzeni nyaraka zenu zote. Biashara ikasimama ghafla. Kuna maonyesho yalisita, kuna wauzaji walitoa picha ukutani.

Goldstein alichagua kutoka. Desemba 2014 aliuza negativu zake za nyeusi na nyeupe kwa Stephen Bulger, mwenye jumba la sanaa Toronto, Kanada, na kama umefuatilia hapo juu utaona alichouza ni kile alichokuwa nacho kweli, vitu. Lakini kuuza hakukufuta yale ya nyuma, 2017 wasimamizi wa mirathi walimshtaki kwenye mahakama ya shirikisho kwa ajili ya picha alizokuwa ameshazisafisha na kuziuza bila ruhusa ya mwenye haki. Maloof alikaa mezani. 2016 wakafikia makubaliano na mirathi, masharti yake ni siri, ila matokeo yake tunayaona, ameendelea kuuza kupitia jumba la sanaa la Howard Greenberg pale New York, na anayenunua sasa anajua mirathi imo kwenye dili. 2017 akaipa maktaba ya University of Chicago karibu picha 500 za enzi za uhai wake Maier, 2019 akaongeza zaidi ya 2,700.

Sasa maoni yangu, na nayatoa nikijua watu wengi wa picha hatutakubaliana.

Bila Maloof hizi picha zingeishia jalalani, au zingetawanyika moja moja kwenye masoko ya vitu vya zamani mpaka zisijulikane ni za nani. Aliweka miaka yake, hela yake, akaskani, akatafuta watu waliomjua, akaenda mpaka Ufaransa. Mtu anayesema jamaa ni mwizi hajasoma kesi, kwanza hakuna kitu alichoiba. Lakini pia wale wanaosema sheria iliingilia kati kuharibu kitu kizuri nao wanakosea, tena wanakosea vibaya, kwasababu hoja yao ukiivua inasema kwamba kama mtu ni maskini, mzee, ameshindwa kulipa kodi ya stoo, basi kazi ya mikono yake ya miaka 40 inakuwa ya mwenye dola 400. Hapana jamani. Deni la kodi linalipwa kwa vitu vilivyomo ndani ya stoo. Haki ya kuamua picha itoke au isitoke haikuwa ndani ya stoo. Mahakama ya Chicago ilifanya kitu sahihi kulisimamia hilo, hata kama mzee wa Gap hakuwahi kukutana na Vivian na hata kama faida itamuangukia ndugu ambaye hakumletea hata chai alipokuwa hospitali.

Linaloniuma ni lile la kwanza, kwamba alikuwa hai. Kati ya mnada na kifo kulikuwa na mwaka mmoja na nusu. Maloof mwenyewe kwa wakati ule hakuwa anajua anatafuta nani, jina lilikuja baadaye, kwahiyo simlaumu yeye. Ila mfumo mzima wa minada ya stoo haukuwa na sehemu hata moja ambapo mtu alilazimika kujiuliza, hizi negativu elfu na elfu zenye sura za watu, mwenyewe yuko wapi, tumtafute tumuulize. Angeulizwa angesema nini? Wapo wanaoapa angekataa katakata, mtu wa kufuli na majina ya kubadilisha. Mimi sina uhakika huo. Akiwa Ufaransa alitengenezesha kadi za posta za mandhari ya Champsaur, na ipo barua aliyomwandikia mwenye duka la picha wa kule kuhusu kumsafishia picha zake, akimsifia kazi na kueleza anavyotaka zitoke. Mtu anayeficha kazi yake moja kwa moja haandiki barua ya namna hiyo. Inawezekana alitaka ila kwa masharti yake, na masharti yake hayakuwa na mshahara wa kuyalipia.

Kuna jambo lingine ambalo mahakama haikuligusa na kwangu ni zito kuliko hata hela. Vivian Maier tunayemjua tumechaguliwa na wengine. Kati ya zaidi ya negativu laki moja, watu wengine ndio walioamua zipi zitoke, na wakazitoa kwenye mraba kamili, safi, kubwa, kontrasti nzuri. Lakini ukiangalia picha alizosafisha yeye mwenyewe utakuta mara nyingi alikuwa anazikata, anaondoa pembeni, anasogea karibu na uso au mkono, anabakiza kipande cha kusimama badala ya mraba. Nyingi ni ndogo, za kushika mkononi. Yaani macho yake baada ya kupiga yalikuwa yanaendelea kufanya kazi, na hiyo kazi ya pili ndiyo isiyoonekana kwenye kuta za maonyesho. Wale wanaosema staili ya Maier ni mraba wa Rolleiflex wanaelezea staili ya kamera yake na ladha ya waliosafisha baada ya yeye kufa. Ndo maana zile picha za University of Chicago mimi naziona za thamani kuliko nakala mpya za maelfu ya dola, pale mtafiti anaweza kukaa na kuona alikata wapi.

Kwa wenzangu mnaopiga picha, kilichokosekana kwenye kisa hiki ni karatasi moja. Angeandika hata mistari mitatu mbele ya mashahidi, kwamba haki za picha zangu ziende kwa wale vijana watatu walionipangishia nyumba, au zichomwe zote, au ziende maktaba fulani, Maloof angejua pa kwenda, Kaunti ya Cook isingefungua faili, na mawakili wa bara mbili wasingekuwa wanachora mti wa ukoo wa mwanamke aliyekuwa analipwa kusukuma kigari cha mtoto. Na ukiandika, taja haki za picha kwa jina lake, usiishie kuandika "vitu vyangu vyote vya stoo", maana tumeona vitu na haki vinavyoweza kwenda njia mbili.

Kwa majumba yanayomwonyesha sasa nina ombi moja, na ni la bei rahisi. Kila picha ikitundikwa, kibao chake kiseme nani aliisafisha, mwaka gani, kama ni mkono wa Maier au ni baada ya kifo chake, na kama yeye aliwahi kuikata basi ile aliyoikata iwekwe pembeni yake hata kwa udogo wake, mtazamaji aone zote mbili. Haki za hizi kazi zitakuwepo mpaka 2079 na kuna mamia ya mikanda iliyokutwa haijasafishwa, kwahiyo kila miaka kadhaa tutaambiwa kuna Maier mpya ametoka. Kwenye hizo ambazo hata yeye mwenyewe hakuwahi kuziona zimetokea kwenye karatasi, kibao kiandikwe hivyohivyo, kwamba hii alipiga na hakuiona.